Kipimo cha korona "kimekwisha muda" wakati unaunganisha ndege kwenda Marekani: kilichosaidia

Hii ni ya mapema 2022, Dar es Salaam hadi Marekani kupitia Ulaya, tiketi mbili tofauti. Kaunta walikataa cheti cha kipimo: kwa ndege ya kwanza kilikuwa sawa, kwa ile ya kuingia Marekani kilikuwa kimeshapitwa na siku.

Kipimo kipya cha PCR (kile cha maabara kinachochukua muda) hakikufaa, majibu yangetoka ndege imeshaondoka. Cheti cha chanjo nacho hakikutosha. Tangu Desemba 6, 2021 hata waliochanjwa walitakiwa kupima siku moja kabla ya safari, si tatu tena.

Suluhisho lilikuwa kwenye tiketi. Wakala alifuta zote mbili (faini ipo, jiandae), akakata moja yenye namba moja ya buking hadi Marekani, kusubiri njiani kusizidi saa 24. Hapo kipimo kilihesabiwa kuanzia ndege ya kwanza. Baada ya hapo, kipimo cha antijeni (chenye majibu ya haraka) badala ya PCR, maana Marekani ilikubali zote mbili.

Kilichowaponza wengi: "siku moja" ilikuwa siku ya kalenda, si saa 24. Ndege ikiwa Ijumaa usiku, sampuli ya Alhamisi asubuhi ilikubalika. Tena iliyosomwa ilikuwa tarehe ya kuchukuliwa sampuli, siyo ya majibu, kwa hiyo ilibidi kuhakikisha imeandikwa kwenye cheti kabla hujatoka maabara, na jina lilingane na pasipoti.

Sharti hilo la kupima liliondolewa Juni 12, 2022.