Nilisimama ndani ya pipa, watoto wa jirani wakaniuliza kama kuna samaki

Jumamosi moja ya mwezi Mei, saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama ndani ya pipa la maji uani kwangu Tabata. Maji yamenifika kiunoni, nimevaa kitu cha rangi ya udongo kilichonifunika toka nyayoni hadi kifuani, kanda zake zimepita mabegani kama za ovaroli. Watoto wa mama Neema walipanda juu ya matofali kunichungulia. Mkubwa wao akauliza, "Anko, humo kuna samaki?" Nikamwambia samaki wako Mufindi, hapa najaribu nguo tu. Akashuka mbio kwenda kuwaita wenzake.

Nguo yenyewe ni weda. Karume, kwenye mitumba, niliwahi kusikia ikiitwa ovaroli la maji, na naona hilo jina limekaa vizuri kuliko la Kizungu.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu ni makaratasi ya kutoa makontena bandarini, kazi ya viyoyozi na foleni. Lakini kila Juni nachukua likizo, napanda basi Mbezi, na jioni nipo Mafinga, huko huko Mufindi, kilomita kama 80 mbele ya Iringa mjini. Huko ndiko kwa mjomba, na mjomba ndiye aliyenifundisha kuvua trauti kwa nzi wa bandia. Nzi huyo ni manyoya na uzi tu vilivyofungwa kwenye ndoana ndogo, hana uzito wowote. Kinachorushwa ni mshipi, nao ukirushwa mbele lazima kwanza unyooke nyuma. Sasa ukisimama ukingoni, nyuma yako kuna vichaka na miti, nzi anabaki juu ya mti. Ukiingia katikati ya maji unapata nafasi pande zote. Ndiyo maana ya weda. Trauti si samaki wa kwetu, waliletwa na wakoloni wakapandwa kwenye mito ya milimani, wakakubali pale tu maji yalipokuwa baridi. Maji yanayompendeza trauti, binadamu akisimama ndani yake robo saa anaanza kusahau kama ana vidole vya miguu.

Weda yangu ya kwanza niliitoa Karume, kabla soko halijaungua Januari 2022, kwa shilingi 40,000 baada ya kubishana sana. Nje ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Niliikunja vizuri nikaiweka kwenye boksi juu ya kabati, chini ya bati. Juni iliyofuata niliivaa mtoni, na kabla sijarusha mshipi mara tano nikasikia ubaridi mwembamba unaniingia kwenye msamba. Ukiwa umesimama katikati ya mto, hilo si jambo la kumweleza mtu. Niliporudi ukingoni nikaigeuza ndani nje: utando wa ndani ulikuwa unabanduka vipande vyeupe kama ukurutu, na utepe uliofunika mishono umeachia, unavutika kwa vidole viwili kama ganda la ndizi mbivu.

Kwa miezi mingi nilimlaumu aliyeniuzia. Baadaye ndipo nilipoelewa. Weda nyingi za bei nafuu zinazuia maji kwa utando wa poliyurethani, na poliyurethani ikikaa kwenye joto na unyevu miaka kadhaa inavunjika yenyewe, hata kama hujaivaa siku moja. Sijui ilikaa wapi kabla ya kuingia kwenye belo, lakini mimi niliimalizia juu ya kabati la Tabata. Mawe ya mtoni nayaogopa kidogo. Dar naiogopa zaidi. Weda yangu inakaa mtoni siku kumi kwa mwaka, hizo nyingine zote iko hapa na sisi, inavuta jasho la mji.

Kwa hiyo safari ya pili nilitafuta yenye utando wa aina ile ya Gore-Tex. Huo ni PTFE, ndugu wa kile kinachofanya kikaango kisishike mayai. Mwaka 1969 Bob Gore aliivuta ikiwa ya moto, kwa nguvu na kwa ghafla, ikanyooka ikatoka na vitundu vidogo ajabu: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Hapo ndipo neno "inayopumua" linapotokea kwenye matangazo. Za daraja la juu zinapita dola 500, na mimi sikufika huko. Shemeji yangu aliyekuwa anarudi kutoka Marekani aliniletea ya daraja la kati, ya mwaka uliopita, iliyoshushwa bei.

Turudi kwenye pipa. Nusu saa ilipokwisha nikatoka, nikavua, suruali ya ndani imelowa kuanzia magoti kushuka chini. Moyo ukaniuma. Nikaifunga kwenye mfuko mpaka Buguruni kwa fundi anayeshona maturubai ya malori, mtu mzima ambaye hana haraka na kitu chochote.

Akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kila mshono, akainusa. "Bosi, hii haivuji."

"Mzee wangu, mimi nimetoka nimelowa."

"Onja hayo maji."

Nikagusa kitambaa cha ndani, nikaonja. "Chumvi."

"Basi bomba ni wewe mwenyewe."

Nikamkumbusha kwamba maji yetu ya kisima kule Tabata nayo yana chumvi, ukichemsha chai unaijua. Akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Kisha akanipa kipimo ambacho sijakiona kwenye maelezo yoyote ya wauzaji: "Kesho ivae hivyo hivyo, usiingie majini. Kaa nusu saa. Ukivua umelowa, unipigie."

Jumapili nikakaa sebuleni na weda yangu naangalia mpira, mke wangu ananitazama kama mtu anayefikiria ampigie nani simu. Nusu saa. Nikavua. Nimelowa vile vile, magoti kushuka chini.

Ukifikiria, ni kama nguo ulizoanika barazani wakati wa masika. Hazikauki kwa sababu hewa ya nje imeshiba maji, haina pa kuyaweka mengine. Mvuke unatoka ndani ya weda pale tu ambapo nje kuna baridi na ukavu kuliko ndani. Tabata mwezi Mei, ndani ya weda na nje ya weda ni nyumba moja. Kwa hiyo usiipime weda inayopumua Dar ukaihukumu kwa jasho. Na kama unavua huku kwetu kwenye maji ya bahari wakati wa kupwa, achana nayo kabisa, vaa kaptula na raba nzee, burura miguu kwenye mchanga ili samaki taa akusikie aondoke.

Sasa kudumu. Fundi wa Buguruni hajawahi kushika mshipi wa trauti lakini alinionyesha kitu kimoja ambacho ningekilipia. Alizishika weda zote mbili, ile mbovu na hii mpya, akaziweka pamoja. Ile ya zamani mshono wake wa mguu unapita ndani ya paja, kutoka msambani mpaka kwenye kifundo. Kila hatua paja linasugua paja, na mshono ndio unaosagwa. Hii mpya mshono wa mguu umehamishiwa pembeni, na msambani wamepachika kipande kizima ili mishono minne isikutane sehemu moja. "Pale mishono inapokutana ndipo turubai linapoanza kuvuja," aliniambia. Kuanzia kiunoni kushuka pia kitambaa kimeongezwa tabaka, hasa magotini na makalioni, kwa sababu mvuvi anapiga magoti na kukaa kwenye mawe. Juu kinabaki chepesi. Ndivyo inavyotakiwa. Nzito mwili mzima ni mzigo tu.

Saizi inaua weda nyingi kuliko miiba. Hapa Dar huwezi kujaribu dukani, unaagiza kwa jedwali, kwa hiyo mwombe fundi cherehani akupime kutoka msambani hadi sakafuni, ukiwa umevaa suruali utakayovaa ndani. Ikikufikia, chuchumaa mpaka chini, kisha panda mguu mmoja juu ya kiti. Ikikubana msambani, mishono itaachia, ni suala la muda tu. Ikiwa pana mno, mikunjo inasuguana. Sokisi zake za neoprini, ule mpira laini, nazo: zikiwa kubwa zinajikunja ndani ya buti, na mkunjo ndio unaotoboka. Usizikanyagie kwenye kokoto wakati wa kuvaa. Mimi natembea na kipande cha mkeka.

Mkanda wa kiunoni usiuache nyumbani hata kama unaonekana urembo. Ukiteleza, ndio unaozuia maji yasishuke miguuni. Maji yaliyoingia hayakuzamishi, lakini jaribu kupanda ukingo ukiwa na ndoo mbili kila mguu.

Tundu langu la kwanza nililitoboa mwenyewe: nzi niliyemsahau mfukoni kifuani, weda ikakunjwa, ndoana ikaingia nyuma ya goti la kulia. Sikuwa naliona. Nikaigeuza ndani nje, nikapulizia spiriti ya duka la dawa kwa kichupa cha dawa ya nywele, na pale palipotoboka pakatokea doti jeusi dogo kama kichwa cha pini. Kwenye utando wa aina hii spiriti inakuonyesha papo hapo, kwenye zile za poliyurethani usitegemee. Nikaweka tone la gundi ya Aquaseal, nikaacha usiku kucha. Gundi ya tyubu za baiskeli nilishaijaribu kwenye ile ya zamani, ilibanduka siku ya pili.

Siku hizi inaning'inia chumbani, mbali na bati, mahali feni inafika. Haikunjwi. Naifua kwa mkono kwa sabuni laini kidogo, hakuna Jik, hakuna dawa ya kulainisha nguo, na naianika kivulini, kwanza ndani kisha nje. Mke wangu anasema ile weda inalala vizuri kuliko wageni wetu.

Juni nikaenda nayo. Asubuhi ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, mjomba amesimama ukingoni amekunja suruali magotini kama alivyofanya maisha yake yote. Nikaingia mpaka kiunoni. Maji yakanikumbatia miguu kwa nguvu, nikasubiri ule ubaridi mwembamba wa msambani. Haukuja. Nilivua saa moja na nusu, nikatoka, nikaingiza mkono ndani mpaka gotini: kukavu.

Mjomba akaipapasa, akauliza bei, nikamdanganya. Akasema umevaa begi. Baadaye kidogo akasema, lete nione. Ilimzidi urefu, tukaikunja vifundoni, nikamfunga mkanda. Akaingia taratibu, akasimama, akatazama chini kana kwamba miguu si yake.

"Mbona hakuna baridi?"

Akachukua fimbo yangu ya kuvulia, akasogea kwenye bwawa la juu. Nilikaa kwenye mkeka, miguu wazi, mpaka saa sita.