Sweta la njano ndani ya Liemba

Julai 2013 dada yangu alijifungua Sumbawanga, na kama umeshawahi kufika Sumbawanga mwezi wa saba hutaniuliza kwa nini zawadi ilikuwa sweta. Sisi huku Kigoma ni joto tu, uzi wenyewe nilizunguka soko zima nikapata wa njano, basi nikauchukua hivyo hivyo. Nikaanza kufuma nyumbani ila siku ya safari inafika nina mgongo na mbele tu, mikono yote miwili bado. Nikajisemea haina shida ntamalizia melini, Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, inaondoka Jumatano jioni na Kasanga, bandari ya kushukia kwenda Sumbawanga, unafika Ijumaa, muda si upo.

Muda ulikuwepo, pa kukaa ndo hapakuwepo. Daraja la tatu huku chini ni watu, ndoo, magodoro, watoto wanalia na harufu ya migebuka mikavu imejaa mpaka kwenye nywele. Nikapanda juu nikajibanza karibu na chuma za pembeni chini ya taa, nikatoa sindano zangu. Watu wakaanza kunitolea macho. Kijana mmoja akaniuliza, dada hizo ni za nini, nikamwambia za kufumia, akasogea kidogo pembeni kama hajaamini vile.

Sasa mwezi wa saba ule upepo wa kusini unachachamaa, ziwa linachafuka, na meli yenyewe mzee, wajerumani waliijenga mwaka 1913 kwa hiyo ndo ilikuwa inatimiza miaka mia. Ukiinamia sindano tumbo linapanda, ukiinua macho ukaangalia gizani linashuka. Nikaamua kufuma bila kutazama, kidole gumba kinapapasa vitanzi kimoja kimoja mpaka mwisho wa mstari, nikifika mwisho ndo nachungulia haraka haraka. Bahati mkono wa sweta la kichanga ni mfupi na fumo lenyewe la kawaida, ningekuwa na maua maua pale ningetapika.

Usiku tukafika Lagosa. Kwa asiyejua, enzi hizo sehemu nyingi Liemba ilikuwa haina gati, ilikuwa inasimama hapo hapo majini inapiga honi, taa kubwa zinawashwa na mitumbwi inatoka gizani inakimbilia ubavuni, watu wanapanda wengine wanashuka, magunia ya dagaa yanavutwa kwa kamba, kila mtu anapiga kelele. Mi nimesimama nashangaa na sindano zangu kwapani, meli ikalala upande, bonge langu la uzi likabingirika, likapita chini ya chuma, puu, mtumbwini juu ya magunia ya dagaa! Na uzi bado umeungana na sweta. Mtumbwi unayumba, uzi unavutika, huku juu nimekumbatia sindano zisichomoke maana zikichomoka vitanzi vyote vimekwenda. Chini mwenye mtumbwi anafoka, aisee nani anavua huku!

Aliyeniokoa ni babu mmoja aliyekuwa anapanda. Mkono mmoja ngazi ya kamba, kwapani kabana jogoo, nikadhani hataweza, kumbe kaliokota lile bonge akaling'ata kwa meno, akapanda nalo hivyo hivyo mpaka juu. Akalitema mkononi kwangu, akafuta mdomo, akasema, "Shika, mwanangu, lina chumvi." Nikamwambia shikamoo babu, asante sana, huku nacheka mpaka machozi, na jogoo naye ananiangalia tu.

Hapo ndo mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekuwa anapeleka vitenge Mpulungu, Zambia, akanihurumia. Akaniambia, "Mama, ile iko ya mutoto? Leta uzi nikushikie." Akatoa nyanya kwenye kindoo chake akatumbukiza bonge mle, akakibana katikati ya miguu, uzi ukawa unapanda wenyewe taratibu na halikutoka tena hata meli ilale vipi. Mpaka leo nikifuma kwenye basi natumia kindoo. Yule mama alikuwa anaijua kazi, kila baada ya muda anapapasa mkono wa sweta gizani, ananiambia hapa punguza, hapa acha, na hakukosea hata mara moja.

Kasanga nikashuka nina mikono miwili kamili ila haijaunganishwa, nikaja kuiunganishia juu ya lori la kupanda Sumbawanga, tumekaa juu ya mahindi, vumbi hadi kwenye kope, kila kwenye shimo najidunga kidole.

Dada akalipokea, akalikunjua, akaligeuza ndani nje anakagua mishono, kapenda kweli. Kisha akalisogeza puani.

"We, mbona la mtoto linanuka dagaa?"

Likafuliwa kwa sabuni ya mche, likarudiwa tena, na bado paka wa jirani alikuwa hatoki chini ya kamba ya nguo.