Kokwa ya tende

Jioni hii tumekaa kikao barazani kwa ami, hapa Muscat, kupanga safari ya Khaluf. Gari nne, watu kumi na mmoja, siku tatu. Kilomita kama 500 kushuka kusini, mpaka kule matuta meupe ya mchanga yanakoishia baharini.

Saa nzima tumebishana nani abebe mkaa. Maji? Hakuna aliyeyataja 😅

Ami kimya, na chai yake ya maziwa.

Kijana mmoja akasema tukate njia ya mkato, tupite Barr al Hikman, ule uwanda wa chumvi wa pwani, pale pamenyooka kama kiwanja cha ndege.

Ami akanisogezea kikombe. Chai ishapoa, juu imefanya utando. Akachukua kokwa ya tende, akaiweka taratibu. Ikakaa.

"Hii ndiyo sabkha, mwanangu. Chumvi juu, kavu, inang'aa. Unaiona njia."

Akaigusa kidogo kwa ncha ya kidole. Kokwa ikazama, utando ukaifuata.

Barazani kimya.

Basi mkato umefutwa. Tutafuata alama za gari za wavuvi, matairi tutayapunguza upepo kabla ya kuingia mchangani. Kambi tutaipiga juu, mbali na maji, maana siku zile mwezi mpevu na bamvua halina rafiki. Maji nimeandika lita 10 kwa mtu kwa siku.

Mliowahi kulala Khaluf, upepo wa usiku ukoje? Hema zinahimili?

Na mkaa bado hauna mwenyewe.