Baada ya kuanua tanga

Wengi hudhani siku ngumu kuliko zote ni ile ya kuzika. Kwangu haikuwa hiyo. Siku tuliyomzika mume wangu nyumba ilijaa mpaka barazani. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa walilala nami kwenye mikeka sebuleni, na nje wanaume walikesha wakiota moto chini ya turubai. Nikilia, kuna mkono begani. Nikikataa kula, kuna anayeninywesha uji kwa kijiko.

Ugumu ulianza tulipoanua tanga. Viti vya plastiki vilihesabiwa vikarudishwa, masufuria ya kukodi yakasuguliwa, daftari la rambirambi akakabidhiwa shemeji. Wanangu walikaa nami kidogo, kisha mmoja akarudi chuoni na mwingine kazini. Ndivyo inavyopaswa kuwa, watu wana maisha yao. Lakini nyumba ilinyamaza kiasi kwamba friji ikiwaka jikoni nilikuwa nashtuka.

Kilichonielemea zaidi ni geti. Mume wangu ndiye aliyekuwa analifunga. Taarifa ya habari ikiisha anavaa kandambili, anatoka, anafunga, halafu analitikisa kufuli mara mbili. Mimi niko kitandani, nikishasikia mlio ule ndipo usingizi unakuja. Sasa natoka mwenyewe. Hapa Morogoro umeme ukikatika hata milima ya Uluguru inapotea machoni, na kutoka mlangoni hadi getini, hatua chache tu, nilikuwa naona kama navuka pori.

Miezi ile kila aliyenipigia simu aliniambia, "Usijione mpweke, Mungu yuko nawe." Walisema kwa upendo, na mimi nilikuwa naamini hivyo. Ila sikumsikia. Nilisali rozari mpaka mwisho, nikafungua macho, upande wa pili wa kitanda ni shuka tupu. Nikaanza kuogopa kwamba labda imani yangu imezikwa pamoja naye.

Aliyenisaidia ni bibi mmoja wa jumuiya yetu, mjane wa siku nyingi. Alikuja alasiri, akakuta ungo wa mchicha, akaanza kuuchambua. Hakuuliza naendeleaje. Alichambua mpaka ukaisha, tukanywa chai, akajifunga kanga yake vizuri. Alipofika mlangoni ndipo akasema, "Mwanangu, kamsome Ayubu. Sura ya pili, mstari wa mwisho."

Nikasoma. Elifazi, Bildadi na Sofari waliposikia yaliyompata rafiki yao walisafiri kumjia, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Baadaye walipoanza kuhubiri ndipo walipoharibu, na mwisho Mungu mwenyewe akawakaripia. Lakini zile siku saba walifanya lililo sawa. Sisi jambo hili hatukufundishwa na mtu. Mtu akifiwa tunaenda kukaa naye, basi. Nusu ya waliolala sebuleni kwangu sikumbuki kama walitamka chochote zaidi ya pole. Sikuwahi kuwaza kwamba hawapo.

Nikajiuliza: kama jirani anaweza kuketi nami usiku kucha kimya na moyo wangu ukatulia, kwa nini Mungu akinyamaza nihesabu kwamba ameondoka na turubai?

Swali hilo ndilo lililonirudisha kanisani siku za kazi. Makanisa yetu Katoliki yana ile taa ndogo karibu na tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, aghalabu nyekundu, inayowaka mchana na usiku kuonyesha kwamba Yesu wa Ekaristi yupo. Nimeiona tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza, naipita kama ninavyopita nguzo. Siku hizi nikitoka kazini naingia, nakaa benchi la nyuma. Akina mama wa zamu wanapiga deki, ndoo inaburutwa, maji yenye sabuni yananukia. Mara nyingi sisemi kitu. Sijisikii lolote la ajabu pia. Nakaa tu, Naye yupo, kisha naenda kupanda daladala.

Nimepata nguvu kwa Mtakatifu Teresa wa Kalkuta. Alifariki mwaka 1997, na mwaka 2007 barua zake zilipochapishwa watu wakashangaa: karibu miaka hamsini mama yule aliishi bila kuhisi uwepo wa Mungu moyoni. Miaka hiyo yote alikuwa anaamka, anasali, anakwenda kuwaosha wagonjwa waliotupwa mitaani. Kwa hiyo kutomhisi Mungu si dalili kwamba amekuacha. Laiti ningelijua hilo mapema, hofu yangu ingepungua.

Usiku natoka kwenda getini na mstari mmoja wa Zaburi ya 139: "Giza nalo halikufichi kitu." Nautamka kwa sauti, kama ninavyomsemesha mtu tunayetembea naye. Nafunga, natikisa kufuli, narudi ndani. Upweke haujaisha. Jumapili mchana, watu wakiwa na familia zao, bado unanikaba. Tofauti ni kwamba siku hizi namwambia Yeye kwamba unanikaba, hata kwa hasira ikibidi, na sioni kwamba namkosea heshima.

Maana ipo Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa, hii haigeuki, neno lake la mwisho ni giza. Mtu yule anamlalamikia Mungu mchana na usiku, anasema rafiki zake wametengwa naye, na anamaliza hapohapo. Waliokusanya Zaburi waliiacha ilivyo. Mimi naipenda kwa sababu hiyo, kwamba hata asiyeona mwanga wowote alikuwa na wa kumwambia.

Jumamosi hii jumuiya inasali kwangu. Nimemwomba mwenyekiti tusome Zaburi hiyo nzima, na tukimaliza asitokee wa kuifafanua. Tukae nayo kidogo, ndipo nilete chai.