Acha maji yaingie: nilivyoitengenezea ngalawa ya ami mota ya umeme

Nianze na ushauri ulionipotezea miezi miwili: "Mota ya umeme ukiipeleka baharini, ifungie isipate hata tone." Niliambiwa na fundi wa mashine za boti, nikaambiwa na binamu yangu aliyeko Dar, nikaambiwa na kila aliyepita barazani akanikuta na bisibisi mkononi. Walinitakia mema wote, na wote walikosea.

Ami yangu ana ngalawa hapa Wete, Pemba, huvua upande wa kisiwa cha Fundo. Kusi likivuma hana haja ya mtu. Tabu ni wakati wa tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi, upepo unapokufa njiani, tanga linaning'inia kama shuka kambani, na mzee aliyepita miaka 60 anashika kafi kwenye jua la saa saba. Mashine ya petroli ilikuwa juu ya uwezo wetu, na mafuta ni gharama ya kila siku. Mimi kazi yangu ni kufunga sola, betri ya 100Ah (ampea 100 kwa saa moja) ninayo nyumbani. Kilichobaki ni mota.

Nilitaka isiyo na kaboni. Mota za kawaida zina vipande vya kaboni vinavyosugua muda wote ili kupitisha umeme, na chumvi ikifika hapo mota haina maisha. Hii nyingine koili zake za shaba zimetulia tu ndani, linalozunguka ni kopo la nje lenye sumaku. Yangu ilitoka kwenye droni ya kupulizia dawa mashambani iliyoanguka, nikaipata kwa laki na ushei. Ukinunua, tazama namba ya mizunguko kwa kila volti. Yangu ni 100, kwa hiyo betri ya volti 12 inaizungusha kama mara 1,200 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Zile za 1,000 ni rahisi, lakini ziache. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 na zaidi. Mota ya mbio ukiivalisha rafadha (panga la kusukumia maji) kubwa itaungua ngalawa haijatoka dikoni.

Basi nikafuata ushauri. Nikakata bomba la plastiki, nikaitia mota ndani, nikaziba huku na huku, na pale shafti inapotokea nikaweka sili mbili za pikipiki na grisi tele. Nikaizamisha kwenye pipa usiku kucha. Asubuhi nafungua: pakavu kabisa. Nilifurahi mno. Siku ya pili tukaingia majini mimi na ami, ikaenda vizuri kama dakika 20, tukaizima, tukatupa mishipi. Tulipoiwasha kurudi ikaguna, ikanuka vanishi ya nyaya za ndani iliyoungua, ikasimama. Tukarudi kwa pondo na kafi. Nyumbani nikafungua nikakuta maji ya kujaa kikombe cha kahawa.

Nilikaa na lile bomba siku tatu nikijiuliza, kwa nini pipani hayakuingia? Jibu ni joto. Mota ikifanya kazi, hewa ya ndani inapata moto na kutanuka, nyingine inatoka pembeni mwa sili. Ukiizima baharini inapoa, hewa inasinyaa, bomba linavuta kama mtoto anavyovuta juisi kwa mrija. Na cha kuvuta ni maji ya chumvi. Pipani mota ilikuwa baridi tangu mwanzo. Na kwa kuwa imefungiwa, joto lake halina pa kwenda, kwa hiyo ile sili ndiyo iliyoialika bahari ndani na ndiyo iliyoipika mota.

Nikamwambia ami, "Safari hii nayaacha yaingie."

"Umeme na maji ya bahari, mwanangu?"

"Umeme uko ndani ya shaba, ami. Shaba ikivishwa vizuri, maji ni ya kuipoza tu."

Nikatafuta mota ya pili ya aina ileile. Kuna jambo sikuelezwa na mtu, na ndilo ninalojivunia. Kabla ya kuivisha chochote nilitoa kopo, nikaitumbukiza sehemu ya koili kwenye ndoo ya maji ya bahari, zile nyaya tatu nikaziacha nje. Mita nikaiweka kupima ukinzani: ncha moja kwenye waya, nyingine majini. Ikiwa shaba imevaa vizuri, mita inabaki na 1 peke yake upande wa kushoto, yaani umeme haupiti. Yangu ilianza kuhesabu. Maana yake vanishi imetoboka mahali, na kwa macho huoni kitu. Nikaisuuza, nikaikausha juani, nikachanganya epoksi (gundi ya sehemu mbili inayoganda ngumu) polepole na kukiweka kikombe chake katika maji ya moto ili ilainike na mapovu yapande. Nikaimimina kwenye koili, nikiigeuzageuza kwa mkono hadi ikashika. Ndooni tena: namba bado zinacheza. Nikatazama kwa lenzi ya kutengenezea simu, nikaona pale waya unapopinda kwenye ukingo wa chuma, epoksi imekimbia, imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Mkono wa pili nikaupaka kwa brashi hapo hapo. Ile 1 ikasimama kushoto, haikutikisika. Nilimwita mke wangu aje aione.

Usipake ule uso wa chuma unaotazamana na sumaku. Nafasi yake haifiki milimita moja.

Beringi za chuma zilikufa kwa siku tisa, zikitoa kutu kama chai ya rangi. Niliyoweka sasa nimeichonga kutoka ubao mweupe wa plastiki wa kukatia mboga, ikashika shafti ya stenlesi. Maji yenyewe ndiyo mafuta yake. Rafadha ya inchi 7 nimeizungushia pete ya bomba la inchi 8. Kwa mwendo mdogo pete inaongeza msukumo.

Kuunganisha nyaya ni kazi ya nusu saa. Ikizunguka kinyume, badilisha nyaya zozote mbili kati ya zile tatu. Kontrola, kile kifaa kinachogawa umeme wa betri kwenye nyaya tatu za mota, iwe juu, pakavu, na nyaya za kutoka betri ziwe fupi. Ukitaka urefu, refusha zile tatu za mota. Kontrola yangu ya kwanza iliungua kwa kufanya kinyume, elfu sitini ikaenda.

Inavuta ampea kama 30, yaani nusu ya nguvu ya farasi kwa makisio. Mwendo ni wa mtu anayetembea kwa haraka. Betri ya asidi siishushi chini ya nusu, hivyo napata saa moja na nusu, inatosha kumrudisha mzee dikoni. Inakaa katikati ya ngalawa, maana ni kilo kama 30.

Imemaliza tanga mbili nzima. Ami anachukua galoni la maji ya kisima tezini, na kila akifika dikoni anaisuuza mwenyewe, kwanza mota, ndipo samaki.