Stima ilipotea maharamia wakiwa kwa injini

Disemba 2013, Kisauni, kwa mjomba. Binamu yangu akaja na DVD ya Captain Phillips, ile ya kuchomwa, hamsini bob pale stejini, na ndio, tunajua, muvi ya maharamia tunaiangalia kwa kopi ya wizi, tuacheni tu.

Mjomba alikuwa ashaacha ubaharia na muvi si mambo yake, lakini aliposikia ni ile Maersk Alabama akavuta kiti. Hiyo meli sisi wa Mombasa twaijua, Aprili 2009 ilikuwa inakuja huku huku kwetu na chakula cha msaada, ikatekwa tarehe 8 na vijana wanne wa Kisomali, tarehe 11 usiku ikaingia Kilindini bila nahodha wake, yeye bado yuko baharini ndani ya kile kiboti cha kuokolea pamoja na maharamia, manuari ya Marekani imewakalia ubavuni.

Muvi ni kali, nimeirudia mara tatu tangu hapo. Yule Barkhad Abdi, aliyeigiza mkubwa wa maharamia, kabla yake alikuwa dereva wa limuzini kule Minneapolis, akatoka hapo akachukua BAFTA, ile tuzo ya filamu ya Uingereza, na ile sehemu ya mwisho nahodha yuko kwa daktari wa jeshi hata swali dogo hawezi kulijibu, hapo ndo nilimkubali Tom Hanks, aliyeigiza huyo nahodha. Ila hiyo siku hatukufika huko.

Kuangalia muvi ya bahari na baharia ni shida, wallahi. Mipira ya maji inamwaga ubavuni kuzuia maharamia wasipande, mjomba: "Hiyo sawa, na sisi tulikuwa twafunga hivyo hivyo." Mtu anakimbia kwenye ngazi, mjomba: "Huyo hajafanya kazi melini huyo." Tukamwambia mjomba tafadhali, tuachie tusikie. Halafu kile kimashua kikasogea ubavuni, ile ngazi ndefu ya chuma yenye kulabu ikainuliwa, akanyamaza mwenyewe. Kikombe cha kahawa kiko mkononi, hanywi, hakiweki chini. Mimi nikajua tu muvi imemkolea.

Sasa mabaharia wamejificha chini kwa injini, wamezima umeme wa meli, haramia mmoja mdogo mdogo anaingia na tochi, peku, vioo vimemwagwa sakafuni, na hapo hapo, siongezi chumvi, stima ikapotea. Mtaa mzima. Tukacheka mpaka binamu akateleza kwenye kochi, watoto wa jirani wanapiga mayowe, feni ikajizungusha mara mbili tatu za mwisho ikasimama, na joto la Disemba mwalijua.

Mjomba hakucheka. Akasema polepole, "Mimi joto ndo lilinishinda."

Binamu: "Joto gani, baba?"

Ikawa hadithi. Mwaka 2008, yeye oila, yule wa kutia mashine mafuta, kwenye meli ya mizigo, Ghuba ya Aden, asubuhi vimashua viwili vikawaandama. Wakaambiwa wote washuke wajifungie chumba cha mashine za usukani kule chini nyuma kabisa, juu wabaki nahodha na wawili watatu. Watu kumi na wanne chumba kimoja, mashine zinanguruma, hewa hakuna, chupa moja ya maji kila mtu analowesha ulimi anapitisha. Kisha wakasikia chuma kinagonga ubavu wa meli. Tang. Kimya. Tang. Mara tano, alizihesabu. Nahodha alikuwa anaipinda meli kulia kushoto ile ngazi isishike, lakini wao chini watajuaje? Wakakaa masaa matatu hawajui juu kuna nani. Mlango ulipobishwa hakuna aliyetaka kufungua, wanatazamana tu, mpaka sauti ikasema kwa Kiingereza kibovu kwamba wali unapoa. Alikuwa mpishi, Mfilipino.

Tukanyamaza wote. Hapo ndo tukasikia kitu kinawekwa mezani jikoni, mkaza mjomba, tulikuwa tushasahau yuko, muda wote amesimama mlangoni na sufuria.

"Kumbe," akasema. "Na wewe uliniambia mmechelewa Djibouti kwa ajili ya mafuta."

Gizani hatuoni uso wa mtu. Mjomba akakohoa kidogo.

"Mafuta nayo yalikuwa yameisha."