Chatu wangu mchanga aligoma kula, hivi ndivyo alivyokubali

Wiki tano chatu wangu, wa ile aina ya Afrika Magharibi inayojikunja kama mpira, hakugusa chakula. Ukifungua mfuniko tu, kichwa anaficha. Nikabadilisha panya, nikapandisha joto hadi nyuzi 32 upande mmoja. Wapi!

Kumbe maficho yake yalikuwa makubwa mno. Nikampa kikopo cha plastiki kinachombana kidogo, mbavu ziguse pande zote, nikafunika vioo kwa gazeti na kumwacha wiki nzima bila kumshika (mtihani huo!). Usiku wa nane nikayeyusha panya wa kugandishwa, nikampasha kwenye maji ya moto, nikamkausha, nikamlaza mlangoni mwa kikopo, nikazima taa. Robo saa baadaye nikachungulia: mkia tu ndio uliobaki nje ya mdomo.